Kero ndogondogo za baridi nyumbani: mwongozo kamili kwa anayehamia Njombe

Juni yangu ya kwanza Njombe mjini niliamshwa saa kumi na moja alfajiri na tone la maji kwenye paji la uso. Kabla sijajifuta likaja la pili, palepale. Nje hapakuwa na mvua, nyota zilikuwa zimejaa. Kulipokucha nikamwita fundi aje azibe tundu. Akapanda, akagonga bati moja baada ya jingine, akashuka, akapangusa mikono. "Bati lako zima, dada. Limetoa jasho tu."

Mama mwenye nyumba, Mbena aliyezaliwa hukuhuku, alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Alipotulia akanipa neno ambalo nimelifuata miaka yote tangu siku hiyo: "Mwanangu, baridi ya huku inaandaliwa jua likiwapo. Ukingoja saa tatu usiku ndiyo uanze kuhangaika, umeshachelewa."

Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kusi ikivuma, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo unaweza kuamka ukakuta majani yamefunikwa na sakitu, ile barafu nyeupe inayobabua viazi shambani. Ila mchana, ukungu ukishapanda, jua linawaka vizuri sana. Una kama saa sita, tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na karibu kila kero ya usiku dawa yake imo ndani ya saa hizo. Namwandikia mwalimu, muuguzi au mfanyabiashara wa mbao na parachichi anayetoka Tanga, Mtwara au Dar es Salaam akiwa na shuka mbili na chupa ya mafuta ya nazi.

Kabla ya Juni: hamisha, shona, tafuta maranda

Tuanze na hiyo chupa. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, maana yake huku ni jiwe miezi kadhaa mfululizo. Kinachokuumiza ni shingo nyembamba ya chupa. Nimeona watu wakichokonoa kwa kijiti, kwa mpini wa kijiko, mmoja kwa bisibisi. Hamishia kwenye kopo lenye mdomo mpana mchana yakiwa bado maji. Kama yameshaganda ndani ya chupa, isimamishe kwenye maji ya uvuguvugu robo saa, uyamimine yote kwa mkupuo.

Mafuta ya kupikia yanayotokana na mawese nayo yataonyesha weupe chini, kama uji mwepesi. Hayajaharibika, yakiingia kikaangoni yanarudi kawaida. Alizeti haigandi kwa baridi ya hapa, ingawa ile iliyokamuliwa mashineni bila kusafishwa inaweza kuwa na kama kiwingu, kwa sababu ya nta inayotoka kwenye maganda ya mbegu. Na asali ikifanya chembechembe, tafadhali usimfuate muuzaji ukimtuhumu kwamba ameichanganya na sukari. Asali halisi huganda, na baridi ya nyuzi 14 hivi ndiyo inayoigandisha upesi kuliko zote. Weka kopo kwenye sufuria ya maji ambayo kidole chako kinayavumilia, usichemshe, utaona inalainika taratibu.

Kazi ya pili ni mto wa mlango. Milango yetu mingi ina mwanya chini, na upepo unaoingia hapo unatambaa sakafuni moja kwa moja mpaka kwenye vifundo vya miguu. Chukua suruali kuukuu, ya jinzi ni bora zaidi. Kata mguu mmoja, shona upande mmoja, kisha nenda kwenye karakana yoyote ya mbao uombe maranda. Njombe ni mji wa misitu na mbao, maranda utapewa bure na watakushukuru kwa kuyaondoa. Yaanike juani siku nzima kwanza, maana maranda mabichi yanaota ukungu. Jaza mguu wa suruali huku ukishindilia, funga upande wa pili, ulaze chini ya mlango. Watoto wataupa jina. Wa kwetu unaitwa Babu, na usiku utasikia mtu anauliza, "Babu amelala mlangoni?"

Omba gunia zima la maranda, usichukue ya mto tu. Nitakueleza ya nini tukifika jikoni.

Saa nne asubuhi: kufua

Hapa ndipo nyumba nyingi zinaposhindwa, kwa sababu wageni wanafua jioni kama walivyozoea pwani. Nguo iliyotundikwa jioni Njombe inaamka imelowa kuliko ulivyoiacha. Sweta ya shule iliyofuliwa Jumapili alasiri, Jumatatu asubuhi ni kama mbwa aliyetoka mtoni, na mtoto anaivaa hivyohivyo huku analia.

Sare zote zifuliwe Jumamosi, na zianze kufuliwa mapema ili saa nne ziwe zimeshafika kambani. Sabuni ya unga haiyeyuki vizuri kwenye maji ya baridi, inabaki punje zinazoacha madoa meupe kwenye nguo nyeusi. Iyeyushe kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto, ndipo uimimine kwenye beseni.

Baada ya kukamua kwa mikono, tandaza taulo kavu, lalisha sweta juu yake, vikunje pamoja kama mkeka, kisha kanyaga. Ndiyo, panda juu kwa miguu na utembee. Taulo litanyonya maji ambayo mikono haiwezi kuyatoa. Ukilikunjua utalikuta zito, limelowa, na sweta imebaki na unyevu tu. Soksi zifanyiwe hivyohivyo, zote kwa pamoja.

Kamba ifungwe mahali upepo unapopita, maana upepo unakausha hata siku ambayo jua limejificha. Suruali itundike ikiwa imegeuzwa nje ndani, mifuko ikining'inia. Sweta ilalishwe juu ya gunia safi au majani makavu, ukiitundika kambani ikiwa nzito mikono inarefuka mpaka magotini. Saa saba geuza kila kitu.

Muhimu kuliko yote: anua kabla ya saa kumi. Jua likishakwenda nyuma ya mipaina nguo zinaanza kunywa unyevu upya, na dakika arobaini za uzembe zinafuta kazi ya siku nzima. Kama bado kuna unyevu kwenye mishono, maliza kwa pasi. Usijaze chumba cha kulala nguo mbichi, kwa sababu maji yatakayotoka humo ndiyo yatakayokudondokea alfajiri.

Pamoja na nguo, toa mablanketi kila siku ambayo ukungu umeondoka mapema. Yageuze, yakung'ute, na uyaingize ndani yakiwa bado yana joto la jua. Yakunje ukiyabana, rundo moja. Hilo rundo lina kazi jioni.

Jikoni

Lawama nyingi zinazobebeshwa baridi hapa ni za mwinuko. Maharage hayaivi? Kila ukipanda kama mita 300, maji yanachemka kwa pungufu ya nyuzi moja hivi. Pwani yanachemka kwa nyuzi 100, hapa ni kama 93. Hata ukichochea kuni mpaka sufuria inaruka, maji hayatapita hapo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa mfuniko mzito, na ukijaliwa nunua sufuria ya presha, ni rafiki mkubwa wa nyanda za juu.

Mandazi ni suala la baridi kweli. Hamira inafanya kazi kwa uvivu joto likiwa chini ya nyuzi 20. Kandia maji ya uvuguvugu, ya kiasi cha kuogeshea mtoto mchanga. Yakiwa ya moto wa kubabua unaiua hamira na hakuna dua itakayoifufua. Funika bakuli, kisha ulizungushie lile blanketi la saa kumi lililotoka juani. Kwa saa mbili unga umeshafika ukingoni. Wanawake wa hapa wana njia nyingine nzuri zaidi: tia hamira nusu ya kawaida, kanda jioni, acha usiku kucha jikoni. Baridi inauchelewesha unga mpaka alfajiri, ndipo unauchoma mandazi ya chai. Ladha yake inazidi ya yale ya haraka, na hili nalisema nikiwa nimekula mandazi ya Tanga maisha yangu yote.

Mtindi hapo ndipo maranda yanapoingia. Chukua boksi gumu, jaza maranda makavu, acha shimo katikati. Chemsha maziwa, yapoe mpaka yawe vuguvugu, tia kijiko kikubwa cha mtindi wa jana, koroga, funika sufuria, izamishe kwenye shimo na uweke mto juu. Maziwa ambayo yangekaa mezani siku mbili bila kuamua, humo yanaganda usiku mmoja. Boksi hilohilo linahifadhi wali wa aliyechelewa kurudi ukiwa bado unafuka moshi.

Mafuta ya nyama ni kero ya mezani. Supu ya mbuzi ukiipakua kwenye bakuli la baridi, kabla hujamaliza hadithi juu pameshafanya utando mweupe, na mengine yameganda kwenye kaakaa lako, ulimi unateleza kama umelamba mshumaa. Suuza mabakuli kwa maji ya moto kabla ya kupakua, pakua kidogo kidogo, na acha sufuria ibaki jikoni na mfuniko wake. Vyombo vioshwe papo hapo. Ukiviacha mpaka asubuhi utahitaji kisu.

Mtungi wa gesi ukiwa na moto dhaifu asubuhi, si lazima uwe umeisha. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, na butani inapokaribia sifuri haitaki tena kugeuka mvuke. Inua mtungi kutoka kwenye saruji, uweke juu ya ubao. Usiusogeze kwenye moto hata kidogo.

Jioni: kuoga bila kuhesabu hatua

Maji ya bomba wakati huu yanauma meno. Hesabu ninayoitumia ni rahisi: sehemu moja ya maji yanayochemka kwa sehemu mbili za maji ya bomba. Lita 5 zilizochemka ukizichanganya na lita 10 za baridi unapata lita 15 zenye joto la nyuzi 40 hivi, zinazomtosha mtu mzima aliyezoea ndoo. Ukitumia hita ya umeme, lita 5 zinakula chini ya yuniti moja. Hita iingizwe ndani ya maji kwanza ndipo iunganishwe na umeme, na ichomolewe kabla mkono wowote haujagusa maji. Watoto wawe mbali.

Oga saa kumi na moja jioni, ukuta ungali na joto la jua. Paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na umande wa maji, hapo ndipo inaufunga unyevu ndani. Kwa magaga, loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi, sugua, kausha, paka mafuta kwa wingi, vaa soksi za pamba ulale nazo. Usiku wa tatu kisigino kinaacha kukwaruza shuka.

Jiko la mkaa: hapa naomba unisikilize

Mengine yote niliyoandika ni kero. Hili ni la uhai.

Saa mbili usiku kila mtu Njombe anafikiria jambo moja: kuingiza jiko chumbani. Mkaa unaowaka, na hata ule uliofunikwa majivu ukaonekana umelala, unatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashikamana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, na usingizi mzito mtamu ambao mtu anadhani ni raha ya joto. Aliyelala haoni dalili yoyote. Watu wamefunga mlango vizuri, wameziba mwanya wa chini, wakalala familia nzima na hawakuamka.

Kwa hiyo lile jiko liwashwe nje. Mkilileta sebuleni mkae mkiliota, dirisha moja liwe wazi na Babu aondolewe mlangoni. Kabla mtu yeyote hajasinzia, jiko litoke nje ya nyumba. Usiliache ukumbini wala jikoni ambako hewa yake inaingia chumbani. Mmoja akisema kichwa kinamgonga, tokeni nyote nje kwenye hewa, na mwenye hali mbaya apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi. Pasi ya mkaa ifuate sheria hiyohiyo, inyoshewe barazani.

Joto la kitandani lipatikane kwa maji. Jaza chupa nusu maji yaliyochemka, nusu ya baridi, kwa sababu maji matupu ya moto yanaikunja chupa ya plastiki. Kaza mfuniko, ipindue juu chini uone kama inavuja, ivishe soksi, iweke mahali pa miguu nusu saa kabla ya kulala.

Kitanda

Mgeni ananunua blanketi la tatu la kujifunika na bado anatetemeka. Baridi inampata kwa chini, inapita kati ya chaga na kupenya godoro. Panga maboksi yaliyokunjuliwa juu ya chaga, godoro lifuate, kisha blanketi moja chini ya shuka. Utashangaa jinsi lile lililobaki juu linavyotosha. Mablanketi mawili mepesi yanashinda moja zito, kwa sababu ya hewa inayokaa katikati yake.

Alfajiri: lile tone

Sasa turudi kwenye bati. Usiku usio na mawingu bati linapoteza joto kwenda angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Pumzi za waliolala, mvuke wa chai ya usiku na soksi mbichi zilizojificha nyuma ya mlango vinapanda, vinagusa bati, vinageuka maji. Maji hayo hayadondoki ovyo. Yanateremka kwa chini ya bati kufuata mteremko mpaka yakutane na papi, ule ubao uliopigiliwa bati. Hapo yanasimama, yanajikusanya, yanadondoka. Ndiyo maana tone lilinipata palepale mara mbili.

Mwenye uwezo apige dari, humo ndimo tiba kamili ilimo. Aliyepanga afanye hivi. Kwanza lala chali mchana, tazama juu, tafuta mistari ya papi. Sogeza kitanda mpaka kichwa chako kiwe katikati ya mistari miwili. Mimi nilisogeza kiasi cha shibiri tatu na usingizi ukarudi. Pili, acha dirisha wazi upana wa vidole viwili upande usio na upepo, au fungua matundu ya hewa yaliyozibwa na matambara. Hewa kavu ya nje itakuwa ya baridi, lakini inatoa ule mvuke. Tatu, chemsha kwa mfuniko. Ukiona kuta zimeanza madoa meusi pembeni, zisugue kwa sabuni, zikauke, na kabati lisogezwe nyuma lipate hewa. Nguo zitaacha kunuka uvundo.

Mgeni kutoka pwani

Mwambie kabla hajapanda basi: soksi, sweta na kitu cha kufunika masikio viwe kwenye begi la mkononi, kwa sababu atavihitaji akiwa bado njiani. Mpe kitanda cha mbali na papi. Asubuhi usimwamshe mapema, mpelekee kigoda kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa nne, aote.

Na kama ni shangazi yangu, anayekuja mwezi wa saba kila mwaka, atakuwa na chupa ya mafuta ya nazi yenye shingo nyembamba, aliyokamua mwenyewe. Akifika Makambako huwa imeshaanza kuwa nyeupe. Nampokea chupa kabla ya begi na kabla ya salamu, naiweka ndani ya koti, tunakwenda nyumbani mbiombio kwenye kopo.